Mgombea Binafsi: Nani Anatoa Kibali cha Kugombea?

Ibara ya 67 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ni fupi, na masharti yake mengi hayana ubishi. Anayetaka ubunge awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na katika miaka mitano kabla ya uchaguzi asiwe ametiwa hatiani kwa kosa la kukwepa kodi. Kwa urais, Ibara ya 39 inapandisha umri hadi miaka 40 na inataka uraia wa kuzaliwa. Mambo haya mtu ama anayo ama hana. Yanathibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa au kumbukumbu za mahakama, na mwenye shaka anaweza kwenda kuhakiki. Lakini katikati yake limepachikwa sharti la namna nyingine kabisa: mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa, na awe amependekezwa na chama hicho. Sharti hili halisemi lolote kuhusu mgombea alivyo. Linasema watu wengine, kwenye kikao ambacho wapiga kura hawakualikwa, wameamua nini juu yake. Kwa hiyo si sifa, ni kibali. Hoja yangu ni kwamba haki ambayo Katiba imempa kila raia haifai kushikiliwa na kibali cha aina hiyo, na kwamba mizozo mingi ya uteuzi tuliyoishuhudia, kuanzia kuenguliwa kwa wagombea hadi wabunge kupoteza viti katikati ya muhula, inaanzia hapo.

Wapo wanaodhani kwamba mgombea binafsi ni fikra ya kuletewa, iliyokuja na wafadhili wa miaka ya tisini. Historia yetu haikubaliani nao. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1960, TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71, vingi vikiwa havikupingwa. Kiti kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Sarwatt hakuwa adui wa TANU, alikuwa mwana-TANU. Wananchi wa Mbulu walimtaka yeye badala ya aliyependekezwa, na sheria ya wakati ule iliwaruhusu kusema hivyo kwenye sanduku la kura bila kukihama chama. Mlango huo ulifungwa mwaka 1965, nchi ilipoingia rasmi kwenye mfumo wa chama kimoja na kila mgombea akatakiwa awe mwanachama. Hata hivyo mfumo ule ulikuwa na mantiki yake. Chama kilihesabiwa kuwa ni taifa zima, uanachama ulikuwa wazi kwa karibu kila mtu, na jimboni wananchi waliwekewa wagombea wawili wa chama hichohicho, mmoja wa jembe na mwingine wa nyumba, wakachagua. Mwaka huohuo Paul Bomani, waziri wa fedha, aliangushwa. Mwaka 1992, baada ya Tume ya Jaji Francis Nyalali, mabadiliko ya nane ya Katiba yalirudisha vyama vingi. Jambo la ajabu ni kwamba sharti la uanachama, lililozaliwa kwa ajili ya chama kimoja, lilibakizwa. Mantiki yake ilikuwa imekufa, kwa kuwa sasa chama ni kikundi cha hiari, chenye katiba yake na wenyewe wake, na Ibara ya 20 ya Katiba hiyohiyo inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Raia anaambiwa halazimiki kuwa na chama, kisha anaambiwa bila chama hagombei.

Mchungaji Christopher Mtikila aliuona mgongano huo mapema, akaenda nao Mahakama Kuu, Dodoma, mwaka 1993. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alimpa ushindi: raia anaweza kugombea bila chama. Serikali haikusubiri hata hukumu hiyo isomwe. Siku nane kabla, tarehe 16 Oktoba, ilikuwa imekwisha kupeleka bungeni muswada wa kulirudisha sharti, na tarehe 2 Desemba Bunge likaupitisha. Ibara ya 21, inayompa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake, ikafungiwa ndani ya Ibara za 39, 47 na 67. Mwalimu Nyerere, ambaye chini yake chama kimoja kilijengwa, alilipinga hadharani jambo hilo na kuonya kuhusu hatari ya kuzikata haki za msingi kila zinapomsumbua mwenye madaraka. Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005, na Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi wa pili. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 17 Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema suala hili ni la kisiasa, mahakama haiwezi kufuta ibara ya Katiba, na kazi hiyo iachiwe Bunge. (Miaka mitano baadaye Jaji Ramadhani, akiwa amestaafu, alichukua fomu ya kuomba urais ndani ya CCM, na vikao vya chama havikumpitisha.)

Hukumu ya 2010 inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu hofu yake ni ya kweli. Majaji wakianza kufuta ibara za Katiba wanazoziona mbaya, hakuna ajuaye wataishia wapi. Udhaifu wake uko kwenye anwani iliyopelekewa suala hilo. Bunge ni la watu ambao wote, bila kumwacha hata mmoja wa kuchaguliwa jimboni, waliingia kwa kibali cha chama, na wataomba kibali hichohicho baada ya miaka mitano. Kuwaachia wao peke yao uamuzi wa kuruhusu washindani wasiohitaji kibali ni kumpa mdaiwa aamue kesi yake mwenyewe. Ndiyo maana shauri lilifika Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika maombi ya Mtikila yaliyounganishwa na ya Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ilisema Tanzania imekiuka haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake, uhuru wake wa kujiunga au kutojiunga na wengine, na usawa mbele ya sheria. Serikali ilijitetea kwa hoja za umoja wa kitaifa, Muungano na hatari ya ukabila. Mahakama haikuridhika kwamba hoja hizo zinahalalisha kumzuia kila asiye na chama. Mahakama haikuwa imezua jambo. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikwisha kueleza mwaka 1996, ikifafanua mkataba ambao Tanzania imekuwa mwanachama wake tangu 1976, kwamba haki ya kugombea isibanwe isivyostahili kwa kumlazimisha mtu awe na chama.

Sharti hili linavyofanya kazi huonekana vizuri zaidi kwenye fomu ya uteuzi kuliko kwenye hukumu. Chukua Fomu Namba 8B, ya ubunge. Mgombea anajaza taarifa zake. Anatafuta wadhamini wasiopungua 25, wapiga kura walioandikishwa jimboni, kila mmoja na saini yake na namba ya kadi yake. Anakwenda kwa hakimu kutoa tamko la kisheria. Anaweka dhamana. Kisha ipo sehemu ambayo yeye hana mamlaka nayo: pale chama kinapothibitisha, kwa saini ya katibu na mhuri, kwamba ndiye mgombea wake. Fomu ifike kwa msimamizi wa uchaguzi kabla ya saa 10 alasiri ya siku ya uteuzi. Wadhamini 25 wa jimboni wanaweza kuwa wote wapo, na hakimu amekwisha kusaini, lakini bila mhuri ule karatasi haina kazi. Kwa hiyo anayetaka kumzuia mgombea ana sehemu mbili za kumshika, kwenye fomu na ndani ya chama chake. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wagombea wa upinzani wengi mno walienguliwa kwa makosa ya ujazaji hata vyama vyao vikuu vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka uliofuata majimbo kadhaa yalipata wabunge waliopita bila kupingwa. Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 imeondoa utaratibu huo kwa kumtaka mgombea aliyebaki peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Ni hatua njema. Lakini mpiga kura anayekataa bado hana wa kumkubali.

Mwaka 2025 ulionyesha uzito wa jambo hili kuliko mwaka mwingine wowote. Mwezi Aprili CHADEMA haikusaini Kanuni za Maadili ya Uchaguzi, na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza kwamba chama hicho hakitashiriki uchaguzi mkuu wa mwaka huo wala chaguzi ndogo zitakazofuata kwa miaka mitano. Tuweke kando swali la nani alikuwa na haki katika mvutano ule. Tuangalie matokeo yake tu. Uamuzi kuhusu saini ya chama ulimfungia kugombea kila mwanachama wake, kuanzia anayeutaka urais hadi anayetaka udiwani wa kata, hata kama yeye binafsi alikuwa radhi kusaini kanuni hizo mara mbili. Kisha likaja suala la Luhaga Mpina, aliyehama CCM mwezi Agosti na kupitishwa na ACT-Wazalendo kugombea urais. Aliwekewa pingamizi kwamba chama kilikiuka kanuni zake chenyewe za uteuzi, akaenguliwa, akarudishwa na Mahakama Kuu mwezi Septemba, na siku chache baadaye akaenguliwa tena kufuatia pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Katika vuta nikuvute yote hiyo, umri wake, uraia wake na rekodi yake mahakamani havikuwa kiini cha ubishi. Ubishi ulihusu kanuni za ndani za chama alichojiunga nacho majuma machache tu. Sharti la uanachama ndilo lililozipeleka kanuni hizo mbele ya vyombo vya dola. Katika nchi inayomruhusu mgombea binafsi, chama kilichovuruga uteuzi wake kinajidhuru chenyewe. Hapa kinamwondoa mtu kabisa kwenye karatasi ya kura, na kumwondolea mpiga kura chaguo.

Kibali hakiishii siku ya uteuzi. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kinakwenda. Zitto Kabwe alipovuliwa uanachama na CHADEMA mwaka 2015, watu wa Kigoma Kaskazini walipoteza mbunge bila hata mmoja wao kuulizwa. Mwezi Desemba 2017 Maulid Mtulia wa Kinondoni na Dk. Godwin Mollel wa Siha walivihama vyama vyao kwenda CCM, viti vikawa wazi, na Februari 2018 ukafanyika uchaguzi mdogo ambao uliwarudisha bungeni watu walewale, kwenye majimbo yaleyale. Karatasi zikachapishwa, vituo vikafunguliwa, na gharama akaibeba mlipakodi. Upande wa pili, wabunge 19 wa viti maalumu waliofukuzwa na CHADEMA Novemba 2020 walikwenda mahakamani na wakaendelea kukaa bungeni. Kwa hiyo fimbo hii haimpigi kila mtu kwa uzito mmoja, na hilo peke yake linatosha kuitilia shaka.

Sasa hoja za upande wa pili, na nianze na ile nzito. Inasema demokrasia ya bunge haiendi bila vyama. Chama ndicho chenye ilani, ndicho kinachoweza kuulizwa baada ya miaka mitano umefanya nini, na ndicho kinachomrudi kiongozi anapopotoka. Bunge la watu binafsi 200, kila mmoja na bei yake, ni soko. Sina haja ya kuikana hoja hii. Malawi mwaka 2014 wagombea binafsi walishinda viti 52 kati ya 193, vingi kuliko chama chochote, na wengi wakawa wa kuwindwa na kila anayehitaji kura bungeni. Uganda nayo, katika bunge lililochaguliwa mwaka 2021, wabunge wasio na chama walizidi 70, na si wachache kati yao walikuwa watu wa chama cha NRM walioshindwa kwenye kura za mchujo. Lakini hoja hii inadhani kwamba kumlazimisha mtu awe na chama kunajenga chama. Ushahidi wetu wenyewe unasema kinyume. Edward Lowassa alitajwa na CHADEMA kwenye orodha ya mafisadi iliyosomwa Mwembe Yanga mwezi Septemba 2007. Julai 2015, baada ya CCM kulikata jina lake, alihamia CHADEMA hiyohiyo, akawa mgombea wake wa urais na kupata zaidi ya kura milioni 6. Dk. Willibrod Slaa, aliyeisoma orodha ile, akaondoka. Kabla yake Augustine Mrema alikuwa amefanya safari ya namna hiyo kwenda NCCR-Mageuzi mwaka 1995, na Bernard Membe akaifanya kwenda ACT-Wazalendo mwaka 2020. Mwanasiasa mwenye wafuasi asiye na mlango wake mwenyewe hulazimika kuingia kwenye chama cha wengine, na chama hicho hugeuka kuwa basi la kukodi: abiria akishuka, linabaki stendi likisubiri msimu mwingine. Lowassa alirudi CCM mwaka 2019. Aliyeumia na utaratibu huo si mgombea bali ni chama, yaani kilekile ambacho sharti linadai kukilinda.

Isitoshe, hofu ya bunge kujaa watu binafsi huzidishwa chumvi. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua Juni 2020 kwamba kumzuia asiye na chama kugombea ubunge ni kinyume cha katiba. Sheria ikabadilishwa, na katika uchaguzi wa 2024 wagombea binafsi walisimama, wakashindwa wote. Kenya imewaruhusu tangu Katiba ya 2010. Mwaka 2017 ilipata magavana wawili wa namna hiyo, Ndiritu Muriithi wa Laikipia na Mohammed Kuti wa Isiolo, na serikali za kaunti hizo hazikuanguka. Wapiga kura wengi wanapenda vyama na wataendelea kuvipenda. Mgombea binafsi ni wa siku ile ambayo chama kimewaletea mtu wasiyemtaka, kama ilivyokuwa Mbulu. Na chama kinachojua kwamba mtu kiliyemwonea kwenye kura za maoni anaweza kusimama mwenyewe na kukishinda kitaziendesha kura hizo kwa uangalifu zaidi.

Hoja ya ukabila na udini inajibika kwa sheria tuliyonayo. Sheria ya Vyama vya Siasa inakataza chama kuandikishwa kwa misingi ya dini, kabila au eneo. Hakuna kinachozuia marufuku hiyo kumhusu mgombea binafsi na kampeni zake. Kwa urais, mgombea alikwisha kutakiwa kupata wadhamini 200 katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua 10, angalau miwili ikiwa ya Zanzibar. Kenya inamtaka mgombea urais apate wapiga kura 2,000 katika kila kaunti kwenye zaidi ya nusu ya kaunti 47, sawa na watu 48,000. Anayeweza kufanya hivyo hakika si mtu wa kijiji kimoja. Ama hoja kwamba matajiri watajinunulia ubunge, inashangaza kuisikia hapa, ambapo Mahakama Kuu ililazimika mwaka 2006 kufuta vifungu vya sheria vilivyohalalisha takrima. Kuwanunua wajumbe mia kadhaa wa mkutano wa chama ni rahisi kuliko kuwanunua wapiga kura 50,000 wa jimbo.

Hata hivyo nisimwonyeshe mgombea binafsi kama dawa ya kila ugonjwa. Joseph Kabila alisimama bila chama Kongo mwaka 2006 na 2011, akiwa na dola nzima nyuma yake. Jina la mgombea binafsi halikumfanya kuwa mnyonge wala mwanademokrasia. Rwanda inawaruhusu, lakini mwaka 2017 Diane Rwigara aliondolewa kwa hoja za saini za wadhamini. Kenya, Reuben Kigame, mwimbaji wa nyimbo za Injili asiyeona, alikwama mwaka 2022 kwenye masharti ya kukusanya saini na nakala za vitambulisho vya maelfu ya watu. Kibali kinaweza kuondolewa kwa katibu wa chama kikahamia kwa karani anayekagua saini. Kwa hiyo mageuzi yanayofaa hayana budi kwenda zaidi ya kufuta maneno machache katika Ibara za 39, 47 na 67. Idadi ya wadhamini iwe ya kufikika, ileile kwa wenye chama na wasio na chama. Kosa dogo la ujazaji lirekebishwe badala ya kumwengua mtu. Na pingamizi likatwe na mahakama kabla karatasi hazijachapishwa. Mbunge aliyechaguliwa bila chama naye azuiwe kujiunga na chama hadi muhula wake uishe, vinginevyo tutarudi kulekule Kinondoni na Siha. Kuongeza shahada, kama Kenya ilivyofanya kwa rais na magavana, au cheti cha kidato cha sita kama Uganda, sioni kunasaidia lolote: elimu ya mgombea ni jambo ambalo mpiga kura anaweza kulipima mwenyewe jukwaani.

Wala hakuna anayeweza kusema nchi haikujadili. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilimweka mgombea huru kwenye rasimu yake ya Katiba mwaka 2013, lakini kura ya maoni ya kuamua Katiba mpya, iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015, iliahirishwa na haijafanyika. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba mwaka huo. Novemba 2019 Serikali ilijiondoa kwenye tamko lililowaruhusu raia na asasi kuishtaki moja kwa moja Arusha, na hivyo njia aliyoitumia imefungwa kwa wengine. Kinachohitajika sasa ili kuibadili Katiba ni theluthi mbili ya wabunge wote. Mahakama ya Arusha iliiagiza Tanzania irekebishe Katiba na sheria zake ndani ya muda muafaka. Tangu siku hiyo nchi imefanya uchaguzi mkuu mara tatu, 2015, 2020 na 2025, na katika kila mmoja raia asiye na chama alipiga kura lakini hakuruhusiwa kupigiwa.